Swali Langu Kule Chalbi

Mimi ni mtoto wa Mbarara, Uganda. Kwetu migomba inafika hadi mlangoni, kwa hiyo jangwa nililijua kwenye ramani tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 rafiki yangu wa darasani, Mgabra, alinialika kwao Kalacha, kaskazini mwa Kenya. Mpaka Marsabit barabara ni ya lami. Kutoka hapo tulipanda juu ya lori la mizigo, tukateremka kupitia Maikona na joto likazidi kila kilomita.

Chalbi zamani lilikuwa ziwa. Sasa ni uwanda wa chumvi, mweupe, bila jani. Niliona maji mbele nikamwonyesha rafiki yangu. Alicheka. Kumbe ni mazigazi: lori likienda, nayo yanaenda.

Kalacha kuna chemchemi na mikoma. Nyumba za Wagabra ni za fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, na mwenye nyumba ni mwanamke. Siku ya kuhama yeye huifungua, ikapakiwa juu ya ngamia.

Jioni tulienda kwa baba yake mkubwa. Nilimwamkia "Shikamoo, mzee," naye akanyamaza, kwa sababu wao huulizana amani: ya watu, ya mifugo. Tulipewa chai ya maziwa ya ngamia, ina ladha ya moshi. Nikataka mazungumzo. Nikauliza, "Mzee, una ngamia wangapi?"

Rafiki yangu, mkalimani wangu, hakutafsiri. Lakini mzee alikuwa amesikia.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili chake, "pesa yako kwa benki iko ngapi?"

Watu walicheka. Mimi nilitazama kikombe.

Usiku nilielezwa. Kuhesabu mifugo ya mtu mbele yake ni kosa, hilo ningeweza kulikisia, maana hata babu yangu hakupenda ng'ombe wake wahesabiwe. Lakini kulikuwa na zaidi. Tangu mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Na kwa Wagabra, mwenye ngamia humkopesha asiye naye: mkopeshwaji hunywa maziwa na kuchukua ndama madume, ndama majike hubaki mali ya mwenyewe. Mzee alikuwa na ngamia wa watu wanne. Wengi walikufa mikononi mwake, na wenyewe hawakuja kudai. Angenijibu idadi gani? Ya wake, ya wenzake, au ya mizoga?

Asubuhi aliniita zizini mwenyewe. Alinionyesha ngamia mmoja mmoja kwa jina, kama babu anavyofanya na ng'ombe wake. Nilijikuta nimefika kumi na mmoja kimoyomoyo, nikageuza macho upande wa chumvi.

Jike mmoja alikuwa na mimba. Mzee alimpapasa shingo muda mrefu.

"Huyu si wangu," akasema.