Nyumba Ndogo za Waamish

Majira ya majani kupukutika, msafiri atokaye Philadelphia, Marekani, akielekea magharibi kiasi cha kilomita 100, hufika Lancaster, nchi ya Waamish. Hao ni Wakristo ambao wazee wao walihamia huko kutoka Ulaya katika karne ya 18. Barabarani magari ya farasi hupitana na motokaa; mashambani nyumbu huvuta mashine za kuvunia mahindi, na tumbaku imetundikwa ghalani ikauke.

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa watu hawa hawaijui mitambo. Kila chombo kipya hupimwa na kanisa: je, kitawaunganisha jirani au kitawatenga? Motokaa ilikataliwa kwa kipimo hicho.

Ubavuni mwa nyumba nyingi ipo nyumba ndogo. Humo huhamia wazazi wakishamwachia mtoto shamba. Kwa kuwa Waamish huwatunza wazee wao wenyewe, sheria ya mwaka 1965 iliwasamehe wenye kujiajiri kodi ya akiba ya uzeeni.

Lakini watoto huongezeka, ardhi haiongezeki. Mashamba ni ghali, na vijana wengi sasa ni maseremala na mafundi. Shamba likikosekana, nyumba ndogo ya wazee itajengwa wapi?