Watoto wa Msimu wa Kupanda

Jumatatu, Novemba 4

Leo nimepokea watoto 7 hapa uani kwangu. Wa kwanza ameletwa saa 12 na nusu, amefungwa mgongoni kwa leso, bado amelala. Humu daftarini sitaandika jina la mtoto hata mmoja. Hawa ni wana wa watu, na daftari huokotwa. Nitawaita kwa majina ninayowapa mwenyewe moyoni.

Dereva ana miaka 2 na miezi 7. Amekuja na kifuniko chake cha sufuria, na hakuna mlango anaopita bila kupiga honi. Asubuhi nzima amepakia abiria kwenye mkeka: "Kitui! Kitui! Mmoja tu!" Pacha Mkubwa alilipa nauli ya jani la mwarobaini. Pacha Mdogo akakataa kulipa, akashushwa njiani, akalia mpaka akakohoa. Nikamlipia mimi. Dereva alipokea jani, akaligeuza huku na huku, akanirudishia kipande. Chenji. Nani kamfundisha chenji? Baba yake ni utingo.

Sungura, wa miezi 11, hulia mama yake akigeuka tu kuondoka. Hulia kwa mwili wote, hadi nyayo. Mama akishapita posho mill, mtoto ananyamaza, anautafuta uji kwa macho. Lakini mama ameondoka na kile kilio masikioni, na atakwenda nacho kutwa. Ndiyo maana jioni jambo la kwanza ninalomwambia ni hili: alinyamaza kabla hujafika barabarani. Leo nimeona mabega yake yakishuka.

Jumanne, Novemba 5

Joto. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye nyufa za vikombe. Kila mtu hapa Zombe anatazama juu, na mawingu yanajaa juu ya milima ya Mutitu, kisha yanatawanyika.

Saa 6 na nusu ni saa ya kulala, na ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mmoja akisinzia, mwingine anamfungua jicho kwa kidole kuona kama yumo. Ninapita nikiwapapasa migongo na kuwaambia, "Koma, koma." Shemeji yangu kutoka Mombasa alikuwa amekaa kivulini akingoja gari. Akaniuliza kwa nini nawakemea watoto walionyamaza. Nikamweleza: kwa Kikamba koma ni lala. Akacheka, lakini baadaye nilimsikia akimwambia Kofia kwa sauti ya chini, "Koma, mama, koma." Naye Kofia, ambaye halali kwa mtu, akalala na ile kofia ya baba yake imemfunika hadi puani.

Alhamisi, Novemba 7

Imenyesha! Usiku wa manane, juu ya mabati, mpaka sikuweza kusikia mtu wa chumba cha pili. Asubuhi ua wote ulikuwa unanukia udongo, na kumbikumbi wametoka kwa mamia, mabawa yamezagaa mlangoni kama maganda ya vitunguu.

Watoto waliwakimbiza hadi nikachoka kuwatazama. Dereva aliegesha gari. Pacha waliwakusanya kwenye kikombe na kuwamwaga, wakawakusanya tena. Sungura, anayetambaa, alikuwa na faida kuliko wote kwa kuwa macho yake yako karibu na ardhi. Nilimkuta na bawa limening'inia kwenye mdomo wa chini, uso mtulivu kabisa. Nilipotia kidole sikukuta kitu. Amekwisha kula.

Lakini nililotaka kuandika ni la Kimya. Ana miaka 2 na nusu na tangu aletwe mwezi wa tisa hajatamka neno hapa kwangu. Husikia vizuri, hufuata unalomwambia, ila hasemi. Leo alisimama kwenye dimbwi lililobaki chini ya mfereji wa paa. Akatia mguu mmoja. Akautoa, akautazama. Akatia wote wawili, akainua uso kwangu na kusema waziwazi: "Mbua."

Mvua. Nilichuchumaa pale pale nikarudia, "Mbua." Akarudia. Tukasema hivyo labda mara 20. Mama yake alipofika jioni sikumwambia. Nilimshika mtoto mkono nikampeleka dimbwini, mwenyewe asikie. Mama huyu ni mtu wa maneno machache. Aliketi kwenye jiwe, akajifunika uso kwa ncha ya leso.

Ijumaa, Novemba 8

Leo wamefika 11, na hapa ndipo kikomo changu. Baada ya mvua ya kwanza hakuna mama anayebaki nyumbani. Ardhi ya huku haimngoji mtu. Unyevu ukipotea umepotea. Mvua tunayoitegemea Ukambani ni hii ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, kuliko ile ya Machi. Kwa hiyo leo kila jembe liko shambani: mahindi, mtama, kunde, mbaazi, na zaidi ya yote ndengu. Shule zimefungwa, na hata watoto wakubwa wamekwenda kufukia mbegu. Zamani dada wa miaka 9 ndiye aliyeachiwa mdogo wake, na shule zikifunguliwa anaendelea kubaki naye. Nilipokuwa nikifundisha chekechea niliwajua wasichana wa namna hiyo kwa kuwaita majina asubuhi na kukosa jibu. Hilo ndilo lililonifanya nifungue ua huu.

Wanaoweza hulipa shilingi 50 kwa siku. Wengine huleta kuni, mtungi wa maji au maziwa ya mbuzi. Sijawahi kumrudisha mtoto.

Saa 4 Dereva alinijia akiwa ameshika pua, hapigi honi. Alikuwa ameokota ndengu zilizodondoka kutoka kwenye fundo la leso ya mama yake, akasukuma moja puani. Jambo la kwanza nililofanya ni kuzitafuta zilizobaki mkekani. Mbegu za dukani hupakwa dawa na kutiwa rangi ili mtu asile. Hizi zilikuwa za kijani safi, za akiba ya nyumbani. Nikashukuru Mungu. Lakini ndengu ikikaa penye unyevu hufura, na kila dakika inazidi kukwama. Na ukiifuata kwa kibanio au njiti unaisukuma ndani.

Muuguzi alitufundisha njia moja: unaziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, unaweka mdomo wako juu ya mdomo wa mtoto kama unayembusu, unapuliza mara moja, kwa ghafla na kwa nguvu. Mara ya kwanza haikutoka. Nilikuwa nimeshamwita kijana wa bodaboda atupeleke kituo cha afya. Mara ya pili ikaruka ikanigonga shavuni, na kamasi yake yote. Dereva akainama kuitafuta. Aliitaka, ni yake.

Mkono wangu umetetemeka hadi saa sita. Kuanzia Jumatatu kila mama atakung'uta leso mlangoni kabla ya kumteremsha mtoto.

Jumatatu, Novemba 11

Pacha wamegundua kwamba tangi la maji lina upande wa nyuma. Walilizunguka wakimfukuza kuku, kisha kuku akaondoka nao wakaendelea kulizunguka, mmoja akicheka mbele na mwingine akicheka nyuma. Susu, jirani yangu, ambaye huja kuchambua kunde hapa, alikuwa akiwahesabu kimoyomoyo. Mzunguko wa sita ukiisha akapaza sauti: "Washike! Basi!" Kwa sisi wa Kitui hilo halihitaji maelezo. Mwamba wa Nzambani, ulio njia ya kwenda mjini, husemwa kwamba ukiuzunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Susu aliwaketisha akawasimulia hadithi yote, kwa mikono na macho, na wale wa miaka 2 wakamsikiliza kana kwamba wanaelewa kila neno. Huenda wanaelewa.

Alhamisi, Novemba 14

Nimechelewa kuwasha taa kwa sababu nilikuwa nafikiri kama hili liandikwe.

Mama Mdogo atatimiza miaka 3 mwezi wa Februari. Ni mtoto wa shughuli. Hufunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kitambaa, hulibembeleza, hulifuta kamasi. Leo walikuwa wakipika wote nyuma ya jiko, kila mmoja na mkebe wake. Kofia alitia mchanga na majani, akaita ni muthokoi. Pacha Mdogo alitia maji, akakoroga, akanywa, na nikamkemea. Mama Mdogo aliweka mkebe wake juu ya mawe matatu na hakutia kitu. Nilidhani amesahau. Nikamsogezea mchanga, akausukuma kando. Alichukua kijiti akakoroga ule mkebe mtupu, taratibu, akizungusha ukingoni kama mtu anayezuia uji usishike. Akageuza kichwa begani, kwa gunzi, akasema, "Koma, koma." Kisha akakoroga tena. Alikoroga muda mrefu kuliko mtoto wa miaka 2 anavyoweza kukaa na jambo moja. Halafu akalipapasa gunzi, akasikiliza, akaondoa kijiti na kukiweka chini polepole. Mtoto amelala. Hakuna haja ya kupika tena.

Nimekuwa na watoto wadogo karibu miaka 30. Mtoto wa umri huu habuni jambo la namna hiyo. Anachokifanya amekiona. Dereva ana chenji kwa sababu baba yake hurudisha chenji. Kofia humgombeza kuku kwa maneno ya shangazi yake. Watu wanapita ua huu wakisema watoto wanacheza tu, wanasumbua tu, lakini mimi kwa utundu wao najua nyumba ipi imepata na nyumba ipi inakoroga sufuria tupu ili watoto walale. Na kwa kuwa najua, ni amana.

Ijumaa, Novemba 15

Mama yake Mama Mdogo alipofika nilimwambia uji umebaki mwingi na hautafika kesho. Akasema, "Mwaitu, sisi tumekula." Nikamwambia, "Najua mmekula. Nisaidie tu usiharibike." Akakaa. Alikunywa vikombe viwili bila kuinua macho. Halafu mwenyewe akasema, bila mimi kuuliza: walikuwa na mkebe mmoja wa ndengu ndani ya nyumba, na mvua iliponyesha ilibidi kuchagua, kuzila au kuzipanda. Wamezipanda zote siku ile ya tarehe 8.

Hakufanya kosa. Mtu asiyejua ukame anaweza kumhukumu. Sisi tunajua kwamba anayekula mbegu Novemba atalia Februari.

Jumanne, Novemba 19

Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa matone ya vitamini A, kama ilivyo mwezi wa tano. Mhudumu wa afya ya jamii amekuja na muuguzi. Kidonge cha bluu ni cha walio chini ya mwaka, chekundu ni cha walio juu; hukatwa ncha na kukamuliwa mdomoni. Sungura alipata cha bluu, akalamba midomo, akafungua kinywa tena. Dawa ya minyoo ilikuwa shughuli. Kofia aliificha shavuni hadi wageni walipokunywa chai, kisha akaitema kwenye kiatu cha muuguzi.

Kisha ule utepe wa kupima mkono. Dereva aliuvuta ukampita kifuani, akasema ni mkanda wa gari. Tulimwacha aufunge kwanza, ndipo akatoa mkono. Kijani. Pacha wote kijani. Kimya kijani, na akasema "mbua," ambalo sasa ndilo jina la kila kitu kizuri.

Mama Mdogo alinyoosha mkono wake mwenyewe, akaushikilia kwa ule mwingine usitikisike. Sentimita 12.2. Njano. Chini ya 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu. Muuguzi hakusema kitu mbele ya watu. Aliandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Nilimsindikiza mama yake kituo cha afya jioni ile ile, tukapewa pakiti za chakula cha nyongeza na tarehe ya kurudi. Njiani alinishika mkono, tukatembea hivyo mpaka sokoni.

Ijumaa, Novemba 22

Leo 9. Ndengu zimechipuka. Mama Mdogo alinivuta leso hadi mpakani mwa shamba lao kunionyesha majani mawili mawili yaliyotoka, na akanizuia nisikanyage. Gunzi lilikuwa mgongoni. Aliligeuza nalo litazame.

Ndengu za huku huchukua siku 65 hivi. Leo ni ya 14, zimebaki 51. Mvua haijarudi tangu juzi. Nimeongeza vikombe viwili vya unga kwenye sufuria ya asubuhi, na sufuria hiyo sitaipunguza mpaka wavune.