Do Iko Kiti

Baba aliniachia daftari moja ambalo sikuweza kulisoma. Mimi, mtu wa lugha, niliyelipwa miaka kadhaa kufundisha wengine kusoma! Maneno yenyewe hayana ugumu, ni Kiswahili cha kawaida cha kanisani. Lakini juu ya kila mstari wa maneno kuna mistari minne ya herufi ndogo, d, r, m, f, s, l, t, zilizotenganishwa kwa nukta, nukta mbili na vistari. Na kichwani mwa ukurasa, kwa mwandiko wake ulioinama upande wa kulia: "Doh ni G".

Baba aliongoza korali huko Likasi kwa muda mrefu. Alipofariki, wanakorali wenzake waliniomba kitu kimoja tu kwa siku ya kumaliza matanga: wimbo wa 31, alioutunga mwenyewe mwishoni na ambao hawakuwahi kuuimba. Nilikuwa na miezi mitano mbele yangu, na umri wa miaka 38. Nikakubali upesi, kama mtu anayekubali deni.

Nilianza pale ambapo sisi wa Kitivo huanzia, yaani kwenye kitabu. Rafiki alinipa nakala ya Théorie de la musique ya Adolphe Danhauser, kitabu kilichotoka Ufaransa mwaka 1872 na kinachotumika hadi leo. Kimepangwa kama sarufi ya zamani, alama kwanza, ngazi za sauti baadaye, na mimi sarufi haziniogopeshi. Jioni moja ilitosha kukariri kwamba kati ya mi na fa kuna nusu toni, na kati ya si na do vilevile. Ilinichukua majuma sita kuziimba. Nadhani hilo ndilo tatizo letu sisi tunaoanza tukiwa wazima: tunaelewa kabla hatujasikia, halafu tunaona haya kwamba koo halijui kile ambacho kichwa kinakijua.

Kisha nikaweka programu kwenye simu. Ilinionyesha viduara juu ya mistari mitano, ikanihimiza nitaje majina yake haraka, na nilipopatia ikanipa nyota, kama mtoto. Majina yalikuwa C, D, E. Hapo nikapotea kabisa. D ya programu ni re, d ya baba ni do. F ya programu ni sauti moja isiyohama, f ya baba ilikuwa ikihamahama. Na ile t? Danhauser haijui t, ana si. Kwa siku nyingi niliamini kwamba t ni alama ya kunyamaza. Wanafunzi wa tafsiri wanayafahamu maneno ya namna hii, yanayofanana sura na kutofautiana maana, lakini sikutegemea kukutana nayo kwenye muziki.

Mwezi wa tatu nilikwenda Likasi na wimbo nikiwa nimeunakili wote. Kila d niliipiga kwenye do ya kinanda. Besi walishuka hadi wakanguruma kama lori lililokwama, na wengine wakacheka, ingawa kwa heshima. Mama mmoja wa alto, mzee, hakucheka. Akaniita pembeni. "Mwana wangu," akasema, "do haiko muntu, iko kiti. Ule mwenye kuikala pale njo do."

Sijapata somo bora zaidi. "Doh ni G" maana yake ni kwamba leo G ndiyo inakaa kwenye kiti. Baadaye nilisoma kwamba njia hii ilianzia Uingereza katika karne ya 19, kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ikaenezwa na mchungaji John Curwen, na wamisionari wakaileta Afrika. Si iligeuzwa kuwa ti ili kila silabi ianze na herufi yake peke yake, maana s ilikuwa tayari mali ya sol. Wanafonolojia mtaipenda hiyo.

Kwa kweli nilipaswa kuelewa mapema. Tulipojifunza toni za lugha zetu za Kibantu, tuliambiwa kwamba toni ya juu si kipimo cha namba. Ni ya juu kwa kulinganishwa na jirani yake tu, na katika lugha nyingi toni ya juu ya mwisho wa sentensi inaweza kuwa chini kuliko ya chini ya mwanzoni. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani. Sikulihamishia kwenye daftari la baba.

Basi nikakata ukanda wa katoni. Nikaandika d, r, m, f, s, l, t, d, nikiacha nafasi pana kwa toni nzima na nyembamba kwa nusu toni. Nikachora ukanda wa pili wa nusu toni kumi na mbili za kinanda, nao unarudia mwanzo. Nikisogeza wa kwanza hadi d ikae juu ya G, t inaangukia F iliyopandishwa, kwenye kibao cheusi. Ndipo nikajua vibao vyeusi ni vya nini. Baada ya hapo MuseScore, programu isiyolipiwa ya kuandika muziki, ikanifaa kweli: niliandika sauti moja moja na kuisikiliza kila umeme uliporudi.

Sehemu moja ilibaki. Kabla ya mstari wa mwisho, maji yalifuta herufi ya tenori. Besi wana s, alto r, soprano t. Tenori ingeweza kuwa s, au f inayoshuka kwenye m inayofuata. Nilijadili kama mhariri wa miswada, nikachagua f, nikatoa kalamu.

"Usiandike na biki," yule mama akasema. "Tuimbe kwanza."

Tuliimba na s. Tukaimba na f. Tenori mmoja, aliyekaa jirani na baba kwa miaka, akaomba turudie ile ya pili.