Pazia la Macho

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Nilikuwa nikiukubali msemo huu bila kuupima, mpaka jioni moja nilipotazama picha ya sinema iitwayo Time Out of Mind, iliyoongozwa na Oren Moverman na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Niliondoka na shaka moyoni. Huenda macho hayakuumbwa na pazia, lakini mwanadamu amejifumia lake.

Habari yake ni nyepesi kusimuliwa na nzito kubebwa. George, mtu mwenye mvi, anafukuzwa katika chumba kitupu alimokuwa akijihifadhi mjini New York. Anazurura, analewa, analala atakapopata, na kwa mbali anamvizia binti yake, ambaye hataki kumwona. Wako watakaoilaumu picha hii kwa mwendo wake wa polepole. Mimi siwafuati. Kungoja ndiyo kazi ya asiye na makao, na mtazamaji anayechoka kwa muda wa saa mbili ameonjeshwa tone la bahari.

Mchezaji ni Richard Gere, ambaye uso wake unajulikana pembe nyingi za dunia. Mpiga picha alijificha mbali, nyuma ya vioo vya madirisha, naye Gere akasimama Astor Place amevaa matambara, kikombe mkononi, akiomba. Watu walipita. Uso uliozoea kulipwa mali nyingi ili utazamwe haukupata jicho la bure. Siku nyingine, karibu na kituo cha Grand Central, mtalii mwanamke kutoka Ufaransa alimpa piza iliyombakia. Alimhurumia fukara, wala hakumtambua mchezaji. Basi tumtazamapo mtu, je, twatazama uso wake au nguo zake?

George anapelekwa Bellevue, mahali walipokuwa wakipokelewa wanaume wasio na makao. Huko anadaiwa hati za kumtambulisha, naye hana hata moja. Ili aipate ya kwanza yampasa aonyeshe ya pili, na ili aipate ya pili yampasa aonyeshe ya kwanza. Mtu yupo, kivuli chake kiko ukutani, lakini karatasi zashuhudia kwamba hayupo.

Tusidhani kwamba mji ule haukuwa na sheria. Mwaka 1979 mashtaka yalifunguliwa kwa niaba ya wanaume waliolala njiani, na mwaka 1981 yakafikiwa mapatano kwamba mwanamume asiye na makao apewe mahali pa kulala. Robert Callahan, ambaye kesi ile inaitwa kwa jina lake, alifia njiani kabla ya mapatano hayo kutiwa sahihi. Siidharau sheria hiyo. Kitanda ni bora kuliko sakafu ya mawe. Lakini sheria yaweza kumpa mtu kitanda, isiweze kumpa mtu wa kumwita kwa jina.

Ningeweza kukomea hapa na kuulaumu mji wa mbali. Kalamu yangu inanikatalia. Barazani mwa duka moja katika njia niendayo kazini kila siku hulala mzee mmoja. Nilikuwa nimepita mbele yake muda wa miaka miwili. Usiku ule baada ya sinema nilijaribu kuikumbuka sura yake, nikashindwa. Nilikumbuka gunia lake, na nilikumbuka mahali ambapo mimi huhamia upande wa pili wa njia.

Asubuhi yake nilikwenda na vitumbua na chai, maana niliona haya kwenda mikono mitupu. Na labda haya hiyo nayo ilikuwa pazia. Nilisema, "Shikamoo, mzee." Alijibu, "Marahaba," akanitazama kwa makini, wala hakugusa chakula. Nilikuwa nimejitayarisha kumwuliza jina lake na kwao. Akanitangulia yeye.

"Nakuona kila siku," alisema. "Wewe mtoto wa nani?"

Nilimtajia jina la baba yangu. Akasogeza gunia lake, nikaketi.