Luama au kijito?

Kiangazi kimefika na Luama imejaa watu. Jumamosi nilifika kulipopambazuka, nikakuta kando yote imeshikwa: wanaume na nyavu, vijana na ndoana. Sisi wenye vikapu tulisukumwa pembeni. Wengine walivua kwa chandarua cha mbu, kinachokamata hata vitoto vya samaki. Mwaka kesho tutavua nini?

Kule Lualaba, Luama inakoishia, nafasi ni kubwa, lakini bila mtumbwi unarudi mikono mitupu.

Mimi nimerudi kijitoni. Tunaziba kwa udongo, tunachota maji kwa sufuria mpaka kambale wanabaki matopeni. Ni wadogo, lakini watoto walikula, na hakuna aliyenisukuma. Ila anayeziba juu abomoe jioni. Wenzake wa chini wanangoja maji ya kupikia.