Vumbi la Sahara na Vimbunga vya Ng'ambo

Kwetu waseminari neno vumbi huja na Jumatano ya Majivu, na likishapita twalisahau hadi Kwaresima nyingine. Mimi limenikaa kichwani mwaka mzima kwa sababu ya vumbi la namna nyingine: lile linalotoka Jangwa la Sahara, likavuka Bahari ya Atlantiki na kusaidia kuamua kama kimbunga kitazaliwa au hakitazaliwa.

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba hivi, joto la jangwani hupandisha juu hewa kavu yenye vumbi. Upepo wa mashariki huisukuma hadi baharini, na huko hutanda kati ya mita 1,500 na 6,000 hivi juu ya maji. Kila baada ya siku tatu hadi tano hutoka wimbi jingine la vumbi, na baadhi hufika visiwa vya Karibi, hata Marekani.

Kimbunga nacho kinataka maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, hewa yenye unyevu hadi juu, na pepo za chini na za juu zisizopishana sana kwa kasi. Hewa ya jangwani inamharibia. Ukavu wake ukiingia mawinguni, matone ya mvua hukauka kabla ya kufika chini, na hewa hupoa ikaporomoka badala ya kupanda. Tena huja na upepo mkali wa katikati, unaoisukuma sehemu moja ya dhoruba mbali na nyingine. Vumbi lenyewe hukinga jua, bahari ikapoa kidogo. Wataalamu wangali wanabishana ni kiasi gani cha kazi hiyo ni cha vumbi na ni kiasi gani cha ukavu.

Hadi hapo mtu angesema vumbi ni mlinzi. Lakini jangwa hilo hilo lina mkono katika kuvizaa vimbunga. Tofauti ya joto kati ya Sahara na nchi zenye unyevu zilizo kusini yake huumba mkondo wa upepo, na ndani ya mkondo huo huchipuka mawimbi ya hewa, kama 60 kwa mwaka. Mengine huanzia pande za Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, majirani zetu. Takriban vimbunga 85 kati ya kila 100 vikubwa vya Atlantiki huanza na mawimbi hayo.

Juni 2020 lilivuka vumbi zito ambalo halikuonekana kwa miongo mingi. Huko Karibi anga liligeuka rangi ya maziwa, na wenye pumu walishauriwa wakae ndani. Nayo ilikuwa miezi ya Uviko-19, ugonjwa wa mapafu. Basi, je, mwaka ule visiwa vilipona vimbunga? Msimu ulifungwa na dhoruba 30 zilizopewa majina, idadi isiyowahi kufikiwa Atlantiki. Mwezi Novemba, Eta na Iota zilipiga pwani ile ile ya Nikaragua ndani ya wiki mbili. Vumbi hupungua kuanzia katikati ya Agosti, hapo hapo msimu wa vimbunga unapopamba moto.

Nilianza kuyasoma haya kwa sababu ya mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ninakofanya utume. Ilikuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, nasi tumetoka kusali kiepushwe. Akaniuliza, “Frateri, tukiomba kituepuke, tunaomba kiende kwa nani?” Wenzake walicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Misale inayo sala ya kuomba dhoruba ziepushwe, nami ninaisali bila shida. Ninachokiogopa ni homilia ya haraka, ile inayosema Mungu ametuma vumbi kuwalinda watu wa visiwani. Mhubiri huyo amwambie pia mama wa Barbados ambaye mtoto wake anakosa pumzi, na mkulima ambaye hewa hiyo kavu imemnyima mvua. Tena asisahau msitu wa Amazoni, ambao kila mwaka hupata kutoka vumbi hilo kama tani 22,000 za fosforasi, mbolea yake. Ninaamini Maongozi ya Mungu. Kuyasoma angani kama ratiba ya Misa ni jambo jingine.

Na swali la yule mama lina upande mwingine: popote kimbunga kiendako kuna watu, nao wanahitaji kuambiwa mapema. Mjesuiti Padre Benito Viñes alikabidhiwa kituo cha hali ya hewa cha chuo cha Belén, Havana, mwaka 1870. Bila setilaiti, alitazama mawingu membamba ya juu, akaandika kila siku upepo, joto na mgandamizo wa hewa, akapekua kumbukumbu za dhoruba za zamani. Tarehe 11 Septemba 1875 alitoa onyo la kimbunga. Siku mbili baadaye kilipiga kusini mwa Kuba, na wengi walipona kwa sababu ya onyo lile. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1893.