Ununuzi wa Mafuta ya Taa

Sisi tukaao Nachingwea na Ruangwa twaona nyumba nyingi zimekwisha kupata umeme au taa za nguvu ya jua. Lakini wako jirani zetu ambao koroboi ndiyo taa yao, na mafuta yake huwalia fedha nyingi. Sababu ni tatu. Kwanza, mwaka 2011 Serikali ilizidisha kodi ya mafuta ya taa, ili wadanganyifu wasiyachanganye na dizeli. Pili, mafuta hutoka bandarini, na gharama ya njia huingia katika bei. Hayo mawili hayamo katika uwezo wetu. La tatu ni letu wenyewe: twanunua dukani kwa chupa ndogo, kila jioni.

EWURA hutangaza kila mwezi bei ya kikomo kwa kila wilaya, na kituo cha mafuta hakiruhusiwi kuipita. Basi, wasomaji, ijueni bei hiyo kwanza. Kisha nyumba tano au sita na zichange fedha wakati wa kuuza ufuta au korosho, zimtume mtu mwaminifu kituoni na dumu safi la lita 20, naye agawe kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Dumu lililotiwa petroli lisitumike kabisa, maana mchanganyiko huo huweza kulipuka na kuunguza nyumba.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba hukimaliza pia. Fedha itakayosalia na imnunulie daftari mtoto asomaye kwa taa hiyo.